Mbavu Tatu na Zamu za Zuhura

Safari hii sikuitaka. Uvimbe mgumu uliota kwenye mbavu zangu za kushoto, na daktari wa hospitali ya Amu akasema ni wa nadra, dawa hauisikii, niende Mombasa nikapasuliwe. Sikuogopa kisu kama nilivyoogopa kumwachia Zuhura, mke mwenzangu, mume wetu Bwana Shee. Nikasema bila Bwana Shee sitoki Pate. Akakubali, na Zuhura akatufungia mikate ya mofa ya njiani. Wema wake uliniudhi.

Asubuhi, gatini Mtangawanda, mume alinishika mkono kunipandisha botini mbele ya watu. Nikatamani Zuhura awepo aone.

Kutoka Mokowe tulipanda basi. Simu ya mume ililia njia nzima, na kila mara alikuwa Zuhura, akiuliza naendeleaje. Mimi nilisikia tu jinsi mume alivyolainisha sauti akimjibu.

Mombasa, daktari wa upasuaji, mama mpole, alieleza kwamba uvimbe umeshika mifupa. Atatoa mbavu tatu, kisha pengo aliwekee wavu maalumu na kulifunika kwa nyama ya mgongoni. Nikamuuliza kama kifua kitabonyea. Akasema kidogo, na kovu litakuwa refu.

"Kwani Bi, hutaki kuishi?"

Nikamjibu nataka, ila niishi nikiwa mke wa mtu.

Nilipozinduka, kila pumzi ilichoma. Kukohoa ilikuwa lazima ili mapafu yasijae makohozi, na mume ndiye aliyenibania mto kifuani nikikohoa. Majibu yakaja kwamba uvimbe umetoka wote. Wiki zile alikuwa wangu peke yangu, na sifichi, nilizifurahia pamoja na maumivu yake.

Tuliporudi Pate, Zuhura alikuwa kwangu, amepika. Akanisaidia kubadili nguo, akaliona kovu na bonde lililo chini yake.

"Zamu zangu zote nimekuwatia, dada," akasema. "Kaa naye."

Nilichokuwa nikikitaka miaka yote, nimepewa bure. Lakini hakuna mwanamke anayemwachia zamu zake mwenzake anayemwogopa. Nikaona kwamba kwa kovu hili ameshanitoa katika hesabu ya wake wenza.

"Mtukue, enda naye kwako," nikamwambia. "Yeo ni zamu yako. Yangu ni kesho, na usiniongezee hata moja."

Walipotoka kwenda kwake, wivu ulinipanda, mbavu zilizobaki zikauma. Nimejifunza kwamba kumwonea wivu mke mwenza kunauma, lakini kuhurumiwa naye kunauma zaidi.