Jailos Ajifunza Kukaa Ndotoni

Baruti ilimpofusha Jailos mgodini Makongolosi, miezi miwili kabla binti yake Blessing hajazaliwa. Tangu hapo aliona ndotoni tu. Kila alipong'amua kwamba anaota, furaha ilimzidi, akazinduka. Polepole alijifunza kutulia: akisugua viganja na kutazama vitu vidogo, kokoto au kifungo cha shati, ndoto haikukatika.

Mchana mmoja, akiwa amelala mkekani, alidumu ndotoni hadi Blessing akaja mbele yake. Jailos akamtazama usoni bila haraka.

Alipoamka alimuuliza mkewe, "Mama Blessing, mtoto ana mwanya?"

"Hana. Mwenye mwanya ni mimi."



"Basi nimekuona wewe," Jailos alisema, akajilaza tena.