Kibao Kilichomtia Mama Wasiwasi

Mama alizisikia habari za kibao kile kanisani, baada ya misa ya kwanza. Mwanamke mmoja wa jumuiya yake alikuwa ametoka msibani upande wa Misungwi, akamwambia kwamba kando ya barabara, kule tulikoishi zamani, pamewekwa kibao kinachoeleza historia ya reli. "Kimeandika mambo yote ya gengi," alisema. Mama aliporudi nyumbani hakunywa chai.

Nilidhani amemkumbuka baba. Baba alikuwa mtu wa gengi, mmoja wa wale wafanyakazi waliokaa kwenye vijumba kando ya njia ya treni, kazi yao kukaza nati, kubadilisha mataruma na kurudishia kokoto mahali pake. Alishafariki, miaka mingi sasa. Mimi maisha ya gengini siyakumbuki. Tulihamia mjini nikiwa mdogo sana. Siku hizi naishi Butimba na mama, na nafundisha historia sekondari. Kibao cha historia nami kilinivutia, ila sikuyaelewa maswali ya mama.

"Vibao kama hivyo huandikwa na nani?"

"Serikali, mama. Au watu wa makumbusho."

"Na habari wanazitoa wapi?"

"Kwenye majalada ya zamani."

Aliposikia majalada aliinuka akaenda kuangalia kuku, ingawa alikuwa amewalisha muda si mrefu. Wiki nzima alikuwa hivyo. Ijumaa akasema, "Kesho nipeleke nikakione."

Tuliondoka asubuhi kwa gari langu. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka na akafunga kilemba kwa makini kama aliyeitwa barazani. Tukapita Mkolani na Nyashishi, tukafika Usagara, tukaiacha njia ya kwenda darajani na kushika ya Shinyanga. Mvua zilikuwa zimekuwa nzuri mwaka huo, majaruba ya mpunga yamejaa maji, na kila nilipomwonyesha jambo aliitikia tu, "Eee."

Kibao chenyewe kilikuwa nguzo ya zege yenye kimo cha kifua, na juu yake bamba la chuma lenye maandishi. Mbuzi walikuwa wameshaanza kujikunia hapo. Nyuma yake walikuwa wameacha kipande cha reli ya zamani, hatua kama kumi hivi, chenye kutu nyekundu. Ng'ambo ya barabara malori ya kokoto za reli mpya yalipita yakitutimulia vumbi.

"Macho yangu hayafiki," mama alisema. "Soma."

Nikasoma. Palikuwa na habari za njia iliyotoka Tabora mpaka Mwanza, za pamba iliyopakiwa hapo kwenda bandarini, na sentensi moja ya mwisho iliyosema kwamba karibu na hapo palikuwa na makazi ya gengi la matengenezo.

"Rudia hapo pa gengi."

Nikarudia.

"Hakijataja toroli?"

"Hakijataja."

"Wala jina la nyapara?"

"Mama, hakuna jina la mtu yeyote."

Akakaa juu ya ile reli yenye kutu, kitenge cha Pasaka na yote, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa leso akajifuta macho. "Basi baba yako amepona," akasema.

Ndipo aliponieleza. Maisha yangu yote nilijua nimezaliwa hospitali, na cheti changu cha kuzaliwa kinasema hivyo hivyo. Sivyo. Nilizaliwa juu ya toroli la gengi, ule ubao mpana wenye magurudumu manne ya chuma ambao vijana wa gengi walipakia vyuma na kuusukuma kwa mikono juu ya reli. Uchungu ulimshika mama mchana, kabla ya siku zake, na mvua ilikuwa imekata barabara. Toroli halikuruhusiwa kuingia njiani bila idhini ya stesheni masta, na stesheni yenyewe ndiko walikokuwa wanakimbilia. Baba hakungoja. Alimlaza mama kwenye ubao, wenzake watatu wakashika nyuma pamoja naye, na nyapara mwenyewe akatangulia mbio na bendera nyekundu. Jirani yao mmoja, mke wa mtu wa gengi, alipanda akiwa na wembe mpya na uzi.

"Tulifika kwenye ule mlima mdogo," mama alisema, akinyoosha mkono kuelekea mawe, "nikamwambia jirani, huyu hangoji. Akawapigia kelele wanaume wageuke. Sasa wageukeje? Wakiliachia, toroli linarudi chini peke yake na sisi juu yake. Basi walilishika kwa migongo, wameegemea hivi, nyuso zote zinatazama porini. Baba yako analia kwa sauti, wenzake wanamwambia nyamaza wewe, kwani unazaa wewe?"

Nilikaa karibu naye kwenye reli. Nimewafundisha watoto wa watu habari za reli hii kwa miaka mingi, nikiwachorea ramani ubaoni.

"Mkafika stesheni?"

"Tukafika. Stesheni masta akatoka amekasirika, anauliza nani ameruhusu toroli. Nyapara akasema walikuwa wanakagua nati zilizolegea. Yule bwana akasikiliza, wewe unalia ndani ya kanga, akauliza, 'Na hii nati inayolia mmeikaza?'"

Hakumshitaki mtu. Aliwapa maji ya moto na blanketi lake, na treni ya jioni ikawachukua mpaka Mwanza, hospitali, ambako mama alisema nimezaliwa mlangoni. Watu wa gengi waliapa kutosema, maana kwa kosa lile mtu aliweza kufukuzwa kazi. Mama akashika kiapo hata baada ya baba kustaafu, hata baada ya kumzika. Aliposikia kwamba kuna kibao kimeandika mambo yote, aliona jina la mumewe limebandikwa barabarani kama la mwizi.

"Mama, ungeniambia tu."

"Ningekuambia wewe, mwalimu? Ungewafundisha darasa zima."

Akasimama, akajikung'uta kutu. "Aliyekukata kitovu yupo hai, na bado anakaa huku. Twende."

Tulitembea kwa miguu, tukavuka reli inayotumika sasa, tukaingia njia ya katikati ya mihogo. Mwanamke alikuwa uani anaanika michembe, akivisambaza vipande vya viazi vitamu juu ya mwamba. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mama. Walisalimiana kwa Kisukuma, salamu zisizoisha, wameshikana mikono. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama toka juu mpaka chini, akamgeukia mama. "Ndiye wa toroli?"

"Ndiye."

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono yenye unga wa viazi, akaniangalia kama anayekagua kazi yake. Nina miaka hamsini na mbili, lakini pale nilitulia kama mtoto wa kliniki.

Mchana kutwa walibishana. Mwenyeji alisema wasukumaji walikuwa watano, mama akasema wanne. Mwenyeji alisema baba hakulia, aliimba wimbo wa kanisani, ila vibaya. Tulikula ugali na samaki wakavu, na mara mbili walinitoa nje wakanionyesha mahali penyewe juu ya njia, kila mmoja mahali pake, hatua kama mia kati ya pale pa huyu na pale pa yule. Sikutaka kuamua. Nilisimama kwanza kwa mmoja, kisha kwa mwingine, jua likinichoma utosini, nikafurahi pote pawili.

Tangu hapo simu ya mama haipoi. Mwezi uliopita yule mwanamke alikuja Butimba akakaa nasi wiki nzima. Jioni moja niliwapeleka ziwani kununua sato. Kila mmoja alitaka kumchagulia mwenzake aliyenona zaidi, mpaka mchuuzi akachoka kungoja, akatufungia sato wote wawili.