Picha za Mlango wa Wenyewe

Nyumba yenyewe iko katikati ya Stockholm, na kwa zaidi ya miaka mia imesimama ikijivuna. Juu ya kila dirisha kuna uso wa mwanamke wa lipu mwenye maua nywelani, konani kuna mnara usio na kazi yoyote, na ndani ngazi ni za marumaru. Nilizipiga deki ngazi hizo Jumatatu na Alhamisi, kuanzia juu. Milango ya wenyewe sikuwahi kuivuka.

Wiki ya kwanza nilivua aproni, nikajipiga picha mlangoni na kumtumia mama, Bukavu. Kwetu, aliyefika ughaibuni hutuma picha ya mlango wake, kwa hiyo mama hakuuliza. Jumapili aliipeleka kanisani: mwanangu anaishi kwenye nyumba yenye malaika. Ningeweza kumsahihisha siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu ilinipendeza. Nikaendelea kutuma: mimi chini ya mnara, mimi kwenye marumaru, mimi na wale wanawake waliovikwa kofia za theluji. Kisha nilikuwa napanda treni kurudi Märsta, mbali nje ya jiji, kwenye chumba kimoja na jiko, dari tupu.

Uongo ulikuwa uongo, lakini hamu ilikuwa ya kweli. Kila nilipokamua dekio nilimwona mama akipanda ngazi zile polepole, ameshika kitenge chake, akinilaumu kwa kuishi juu sana.

Mwaka jana akaugua. Niliogopa asije akafa akiwa na nyumba isiyo yangu moyoni. Nikampigia, nikakiri kila kitu.

“Nilijuaka zamani,” akasema. “Mu picha yote unasimama tu. Mutu kwake anaikalaka mu kiti. Unitumie ile unaikala, njo ile ninangojaka.”

Nilipekua simu nzima, sikupata hata moja. Basi nikavuta kiti jikoni, nikaketi, nikajipiga picha nikiwa na soksi zangu kuukuu, nikamtumia.

Akanirudishia ujumbe wa sauti, pumzi zikimkatika. “Njo sasa nimekuona. Na kiti ile ingine, ni ya nani?”

Ni chake. Nilivinunua viwili mwezi niliofika, kabla sijajua kumwombea mama viza ni kitu gani.