Barua Iliyotafsiriwa Kabla ya Kuandikwa

Bosi wangu wa Riyadh alikuwa na kazi ambayo kwetu tungeiita kupiga domo. Kampuni yake kubwa iliuza sabuni, nepi na dawa za usafi, naye alilipwa kwenda kuwabembeleza wakubwa wa serikali wasitunge sheria za kuiudhi. Mimi nilikuwa mfanyakazi wake wa ndani katika mtaa wa Malaz, mwaka wa tatu, nikimwita baba kama walivyomwita watoto wake.

Mwaka huo kamati moja ilitaka chupa za dawa za usafi ziandikwe onyo kwa lugha zetu sisi tunaozishika. Baba hakutaka hata kusikia. Alisema hiyo ni gharama ya bure, mahausigeli wanajua kazi yao. Uongo mtupu. Mwezi wangu wa kwanza nilimimina asidi ya choo juu ya klorini, nikidhani dawa mbili zitang'arisha kuliko moja, maana chupani kulikuwa na Kiarabu tu. Hewa iliyotoka ilinikaba koo, nikatoka bafuni nikitambaa. Madam, mkewe baba, alinipa maziwa, akaniambia nifungue dirisha. Mpaka leo nikicheka sana nakohoa.

Basi baba huyo huyo akanijia na kalamu. Kamati inapenda kuwasikia wahusika wenyewe, akasema, kwa hiyo niandike kwa Kiswahili kwamba nimetumia dawa zao miaka yote bila shida yoyote. Nikiandika, atanisainia likizo ya Desemba niende kwenye harusi ya binti yangu wa pekee. Kisha akaniwekea mezani, kwa fahari kabisa, tafsiri ya Kiarabu ya barua hiyo. Ilikuwa imeshachapwa na mimi sijaandika hata neno.

Hapo hasira zilinipanda. Yaani hata uongo wangu alikuwa amenisemea. Nikaandika habari ya bafu, yote, nikatia sahihi. Baba hakujua Kiswahili. Akaikunja pamoja na tafsiri yake, akanishukuru.

Mjumbe mmoja wa kamati aliishi Jeddah, na kaka yake baba akamwalika chakula cha mchana nyumbani kwake Al-Nuzha, ili baba amkabidhi barua. Mimi nilichukuliwa nikapike. Mgeni alikuwa mzee mwenye kanzu nyeupe, Mhijazi wa kuzaliwa, ndivyo tulivyodhani sote. Nilipoingiza kahawa nilimkuta ameweka tafsiri kando, anasoma barua yangu, midomo ikicheza. Wazee wake walitoka Unguja. Katika maandalizi yake yote, baba hakuwahi kuuliza hilo.

"Mwanangu," mgeni akaniambia, "haya uloandika ndiyo yaliyokufika?"

Baba alikuwa ananitazama. Kiswahili hakukielewa, lakini uso wa mgeni aliuelewa. Nikaiona harusi ya mwanangu, nikajua ningeweza kusema nimekosea.

"Ndiyo, mzee. Ndiyo yaliyonipata."

Mgeni akamweleza baba kwa Kiarabu, polepole, kisha akaitia barua yangu mfukoni. Tafsiri akaiacha kwenye sinia.

Walipomaliza kumsindikiza, baba alinifuata jikoni. Sikutukanwa, na hilo lilinitisha zaidi. Aliweka karatasi nyeupe karibu na sufuria, akasema niandike nyingine, kwamba siku ile ya bafuni nilikuwa na mafua tu, na likizo ataisaini kabla hatujarudi Riyadh.

Nikafuta mikono kwenye aproni. "Mafi, baba, hakuna," nikamwambia. "Andika wewe. Lakini kwanza jifungie bafuni na zile chupa mbili."

Likizo sikupata. Kama ile sheria ilipita au ilikufa, hakuna aliyeniambia. Binti yangu aliolewa Desemba, nami nikaitazama harusi kwenye simu, nimesimama kwenye jiko la Malaz, shangazi yake amekaa kwenye kiti changu. Nililia, sitaficha. Asubuhi yake karatasi nyeupe ilikuwa tena mezani, na kalamu juu yake. Nikaifutia mafuta ya jiko, nikaitupa.