Hii "The" Iko Wapi?

Mkuu wa ile shule ya chekechea kule Lilongwe alimwonyesha binti yangu kadi moja baada ya nyingine. The. Come. You. Here. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, amevaa gauni aliloshonewa na baba yake, fundi cherehani, kwa ajili ya siku hiyo. Alizitazama kadi, akanitazama mimi, asisome hata moja. Yule mama mkuu wa shule akamgeukia mwenzake na kusema kwa Kiingereza, bila hata kupunguza sauti, kwamba watoto wa kambini ndivyo walivyo, hakuna kinachoingia kichwani.

Alidhani sielewi. Mimi nilisoma Bukavu kwa Kifaransa, lakini Kiingereza nimekiokota hapa Malawi, sokoni na kanisani, na maneno yale niliyaelewa yote. Nilitaka kumjibu. Kilichonitoka ni "zikomo", asante ya Kichewa. Nilimshukuru! Nikamshika mtoto mkono, tukatoka.

Katika minibasi ya kurudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, tulipopita Lumbadzi, mtoto akaniuliza, "Mama, mi niko mujinga?"

"Nani alikuambia vile?"

"Yule mama. Macho yake njo ilisema."

Mume wangu aliposikia habari hiyo aliacha kushona. Akasema atamfundisha mwenyewe, na fimbo itakaa mezani. "Mi nilijifunza na fimbo," akasema.

"Njo maana mpaka leo ukiona kitabu unakimbia," nikamjibu.

Akarudi kwenye cherehani, mimi nikasonga ugali. Nilikuwa nawaka, lakini hasira yangu ilikuwa na mwenyewe kule mjini, na sikukubali mtu amtwishe mtoto.

Kesho yake niliokota vipande vya kitambaa chini ya cherehani, nikaandika neno moja kwenye kila kimoja kwa chaki ya fundi. Go nikalibandika mlangoni. Binti yangu akilisoma, anatoka mbio. Come nililishika mimi kifuani. Akilisoma, anakuja kunirukia. Watoto wa jirani wakasikia kelele, nao wakaingia. Tukachora maneno chini uani, wakawa wanaruka kutoka neno hadi neno, na asiyelitaja alilokanyaga anaanza upya. Walizozana, walisukumana, walisoma.

Shida ilikuwa the. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akichambua maharagwe kando yetu, aliudhika kabisa.

"Mlango naona. Kikombe naona. Hii the iko wapi? Munadanganya batoto na kitu chenye hakiko!"

Binti yangu alikichukua kipande cha the, akakiweka mbele ya kikombe, "the cup," kisha mbele ya ndoo, halafu akamfuata mbuzi wa jirani na kumfungia kwenye pembe.

"Koko, the haina nyumba yake," akamwambia bibi yake. "Inatembeaka mbele ya bingine."

Mbuzi akajikuna ukutani, kitambaa kikaanguka, akakila. Mama mkwe akacheka mpaka akamwaga maharagwe.

Mvua zilipokwisha nilimrudisha binti yangu kwa yule mkuu wa shule. Akasoma kadi zote, hata zile ambazo hakuonyeshwa mara ya kwanza. Mkuu akaniuliza kama kweli huyu ndiye mtoto yule yule. Nikamwambia ndiye. Akasema hongera, ila nafasi zimejaa. Tukiwa bado tumesimama, mama mmoja akashuka garini na mtoto wake, akakaribishwa ndani, akaambiwa mtoto aanze Jumatatu. Hakuna aliyemwonyesha kadi hata moja.

Safari hii sikushukuru. Nilisema kwa Kiingereza changu cha sokoni, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Siku ile nilikusikia. Mwambie mwanangu kwamba yeye si mjinga. Mwambie sasa, yuko hapa."

Alizigeuzageuza funguo mkononi. Hakumwambia. Akamwita mlinzi atufungulie lango.

Sasa binti yangu anasoma hapa kambini, katika darasa lililojaa hadi wengine wanakaa kizingitini. Anapenda. Alasiri uani kwangu hapapitiki kwa watoto na chaki. Watu wa kanisani wananiambia nimsamehe yule mama, kwa kuwa mwisho wa yote mtoto amejua kusoma. Nawasikiliza, nasali pamoja nao. Lakini si yule mama aliyemfanya ajue kusoma, na hasira yangu bado ninayo.