Waya Unaorudisha Maneno

Mwezi uliopita nililala nyumba moja ya wageni Tunduma. Nimelala nyumba nyingi za namna hiyo, maana tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mji mmoja ukanizoea. Nilikuwa nimejilaza na viatu vyangu, natazama mama mmoja akipika pilau kwenye televisheni. Kabla hajafunika sufuria, picha ikahama yenyewe, ukaja mpira. Rimoti ilikuwa mezani na mkono wangu ulikuwa tumboni.

Nikatoka kuuliza. Dada wa mapokezi akacheka. "Samahani kaka, king'amuzi kiko kimoja tu, hapa kaunta. Waya ndizo zinakuja huko vyumbani. Akibadilishiwa mmoja mmebadilishiwa wote."

Nikamwambia haina shida. Nilirudi chumbani nikachomoa waya nyuma ya televisheni, nikakaa ukingoni mwa kitanda nasikiliza kama kuna nyayo zinakuja kwenye korido. Nina miaka arobaini. Acha nikusimulie nilikoutoa woga huo.

Nilikuwa na miaka kumi baba yangu alipohamishiwa Kasulu kufundisha. Mama tulikuwa tumemzika Mpwapwa mwaka uliotangulia. Tulipanda treni Dodoma, sisi wawili, na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na televisheni ndogo ya chogo ambayo mama aliipenda na ambayo baba hakukubali kuiuza. Siku mbili tulikula mayai ya kuchemsha na karanga za kununua dirishani. Kigoma tulidandia lori la mizigo, nikawekwa juu ya magunia ya chumvi, televisheni nimeipakata. Barabara ilipanda, ikapanda tena, vumbi jekundu likawa linaingia hadi kwenye meno, na kadiri tulivyopanda baridi ilizidi. Wenzetu juu ya lori walikuwa wanazungumza Kiha. Mimi sikuelewa hata neno, na nakumbuka niliogopa kwamba sitaelewa tena mtu yeyote maisha yangu yote.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Ilikuwa ndefu, ya matofali ya kuchoma. Chumba cha mbele alikaa afisa, cha katikati bibi mwenyewe, cha mwisho sisi. Uani, karibu na jiko, kulikuwa na kibanda cha jirani.

Huyu jirani ndiye aliyenilea. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiye na mume wala mtoto, mwenye shamba la muhogo na maharage upande wa Nyakitonto. Aliondoka kabla ya jua kutoka na kurudi alasiri na kuni kichwani. Baba alichelewa shuleni kila siku kwa masomo ya jioni, hivyo mimi nilikula kwake: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku njema kipande cha mgebuka, samaki wa ziwani. Nikitoka kisimani na ndoo nzito alinipokea njiani. "Lete, mwana wanje," alikuwa akisema, yaani mwanangu. Katika maneno yote ya huko, hilo ndilo nililolielewa la kwanza.

Afisa alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mcheshi, mwenye pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wageni wa wilaya nzima. Miaka ile wageni walikuwa wengi, wanavuka mpaka kutoka Burundi na magodoro vichwani, na kila mtu mjini alijua kalamu ya afisa inaweza kukupandisha lori la kambini. Lakini nyumbani hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Siku alipoleta dishi, ungo mkubwa ambao ungeweza kupepeta mahindi ya kijiji kizima, alilisimika nyuma ya nyumba kwa saruji, akaweka risiva chumbani kwake na jenereta kwenye banda la kuku. Kisha akasema haifai mtu mmoja ale huku wenzake wananusa. Akanunua waya, akaupitisha juu ya kenchi za paa, akaingiza kwa bibi, akaingiza kwetu. Tangu siku hiyo, kuanzia saa kumi jioni hadi wakati wa kula, alichotazama afisa ndicho tulichotazama sote.

Bibi alipenda mieleka. Afisa alipenda mpira. Ungekuwepo ungewasikia.

"Afisa, rudisha wale wanaopigana."

"Bibi, mpira kwanza. Hao watapigana hata kesho."

"Kesho nani kakuambia nitakuwepo?"

"Utatuzika sisi sote, bibi."

Sisi watoto wa pale na wa nyumba za jirani tulianza kuuning'inia ule waya pale ulipoingia dirishani kwetu. Afisa alituona. Akaja, akatukusanya, akaweka uso wa kazini. "Sikilizeni. Huu waya unawaletea picha ninyi, lakini unaporudi unaniletea mimi maneno. Kila mnachosema mbele ya televisheni nakisikia kule kwangu. Nikisikia mtu ananisengenya, nazima."

Wakubwa waliokuwa barazani walicheka. Mimi sikucheka, ila nilitaka kuhakikisha. Jioni moja nikiwa peke yangu nikakisogelea kioo nikasema polepole, "Afisa mchoyo, kila siku mpira." Sijafunga mdomo, picha ikazimika na jenereta likanyamaza. Petroli ilikuwa imekwisha, kama nilivyokuja kuambiwa miaka mingi baadaye. Siku ile nilijificha chini ya kitanda hadi baba aliporudi.

Tangu hapo niliishi na sikio la afisa chumbani mwetu. Niliomba chumvi kwa ishara. Baba akiongea juu ya mshahara nilikohoa. Baba alidhani nimepata pumu, akanipeleka hospitali.

Kisha likaanza kupita gari la matangazo. Lilikuja asubuhi na kurudi jioni, kipaza sauti kinakwaruza: wageni wote waliovuka mpaka, wa zamani na wa sasa, wajitokeze waandikishwe, wapelekwe kambini upande wa Kibondo. Siku ya pili bibi alituita jikoni, mimi na baba. Jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya muhogo ambao ulikuwa umeshamenywa. Bibi alisema maneno machache tu. Huyu alivuka akiwa mgongoni mwa mama yake, vita ya zamani, na mama yake akafia Nyakitonto. Karatasi hana. Amelima hapa maisha yake yote, na hapa ndipo atakapolima. Halafu akanitazama mimi. "Mjukuu, kilichopikwa chungu kimoja hakisimuliwi sokoni."

Nikaitikia. Unaweza kufikiri mtoto wa miaka kumi na moja anasikia nini kwenye maneno hayo. Mimi nilisikia kwamba mtu anayenipa chakula anaweza kuchukuliwa, na kwamba mtu wa kumchukua analala vyumba viwili kutoka kwangu, na kwamba kuna waya.

Jirani mwenyewe alimkwepa afisa kwa ustadi. Akitoka alfajiri yeye afisa yumo kitandani. Wakikutana kisimani anapiga goti kidogo, "Shikamoo," anapita. Afisa alimhesabu kama sehemu ya uani, kama kinu. Lakini jioni, kazi zikiisha, alikuja kukaa nami chumbani kwetu mpaka baba arudi, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na televisheni. Akiona mtu anakimbia anamwambia akimbie. Akiona mtoto analia anambembeleza, kwa lugha yake. Nilimvuta kanga. Niliweka kidole mdomoni. Yeye alicheka akanipiga kofi dogo begani, akadhani ni mchezo.

Ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imepita, bati linadondosha matone, na harufu ya mahindi ya kuchoma ilikuwa imejaa chumbani kwa sababu alikuja nayo kwenye ungo, pamoja na muhogo wa kumenya na kisu. Afisa alikuwa anasubiri mpira, anahamahama vituo. Picha zilipita upesi: mtu wa tai, tangazo la sabuni, kisha vilima. Vilima vya kijani, migomba, watu kwenye mstari mrefu wamebeba vyombo, na nyuma yao kanisa lenye mnara uliokatika. Mtangazaji alikuwa anasema Kifaransa. Picha ile haikuondoka haraka. Nadhani afisa naye alikuwa anaitazama.

Jirani aliangusha hindi. Akasimama, akaweka kiganja kwenye kioo, akasema, "Iwacu. Iwacu." Kwetu, kwetu. Mnara ule alikuwa amesimuliwa na mama yake. Kisha akaanza kulia na kusema kwa sauti, Kirundi kitupu, majina ya watu, naona yalikuwa majina, moja baada ya jingine, usoni kabisa pa televisheni.

Niliona maneno yake yakiingia kwenye waya. Sikufikiri, niliyaona kabisa, yakipanda ukutani kama siafu, yakipita juu ya kenchi kwa bibi, yakienda mbele. Nikachukua kisu cha muhogo nikaukata.

Kioo kilijaa chenga. Nikashusha pumzi.

Kisha kutoka chumba cha mbele nikasikia, "Aa, nini tena hiki?" Na kutoka cha katikati bibi, "Afisa, kwangu mvua tupu." Nilichofanya kiliharibu picha ya nyumba nzima, labda kile kisu kiligusanisha nyuzi za ndani, sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba mpira ulikuwa unaanza, na afisa akatoka kutafuta ubovu. Nilimsikia anavyotafuta. Aliufuata waya kwa mkono, anaugonga kenchi kwa kenchi. Akaingia kwa bibi, "Hapa pazima." Akatoka. Ndala zake zikaja kwenye korido, pap, pap, na ule waya uliobaki dirishani kwetu ukawa unatikisika kila alipoushika. Nikatazama mlango. Jirani alikuwa bado ananitazama mimi, na kisu mkononi mwangu, na nikaona anaelewa kila kitu isipokuwa sababu.

Akanipokonya kisu kabla mlango haujafunguliwa.

"Nani amekata?" afisa aliuliza. Hakuwa amekasirika.

"Ni mimi, bwana mkubwa. Nilikuwa namenya muhogo."

Afisa akatazama muhogo uliokuwa chini, mbali na dirisha. Akatazama kisu. Kisha, nafikiri kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, akautazama uso wa jirani, ulivyolowa. Kwenye kioo chenga zilikuwa zinachemka. "Mbona unalia, mama? Kwa waya?"

Jirani alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Wewe kwenu wapi?"

"Nyakitonto."

"Na wazee wako?"

Angeweza kusema uongo. Bibi alikuwa ameshafika mlangoni anafungua mdomo amsemee kwamba ni mkwe wake, na jirani akamzuia kwa mkono. Nilifahamu baadaye kwamba mwenye nyumba aliyeficha mgeni naye alishtakiwa. "Wazee wangu wamelala," alisema. "Mmoja huku, mmoja kule ulikokuwa unatazama."

Afisa aliinama akaokota ncha ya waya. Akatoa utepe mweusi mfukoni, akaunga waya, picha ikarudi, mpira. Akiwa anatoka akasema bila kugeuka, "Kesho asubuhi uje ofisini, mama. Uje na nguo zako."

Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, na furushi moja. Kabla hajaondoka alinipikia uji, akaufunika kwa sahani. Mimi nilijifanya nimelala. Kufika mchana lori la Kibondo lilikuwa limeshaondoka.

Sikumwambia baba. Sikumwambia bibi. Nilichofanya ni hiki. Kila jioni baba akiwa shuleni nilisogea dirishani, pale penye utepe mweusi, nikaubandika mdomo nikanong'ona: "Ni mimi niliyekata. Yeye hakukata. Mrudishe, nichukue mimi." Kisha nikakaa kitandani, mikono kwenye magoti, nasubiri ndala. Nilifanya hivyo siku nyingi sana. Ndala hazikuja. Mpira uliendelea, bibi aliomba mieleka yake, na polepole, kama mtu anayezoea giza, nilianza kuelewa kwamba ule waya haurudishi kitu. Haukuwahi kurudisha kitu.

Nyumba ile haipo tena. Dereva mmoja wa malori aliniambia pamejengwa fremu za maduka, na juu ya bati kila mpangaji ana kidishi chake kama sahani ya chai. Bibi amekufa. Mieleka, mpira na mapishi siku hizi kila mtu anatazama peke yake, na hakuna anayegombana na mwenzake kupitia ukuta. Watu wanasema ni maendeleo, nami sibishi.

Tuliondoka nilipomaliza darasa la saba. Baba alikuwa amehamishiwa Mwanza. Afisa mwenyewe alitusaidia kubeba sanduku hadi stendi, na televisheni akaipakata kwa uangalifu. Basi likiwa linangurumisha injini nikajikaza nikamuuliza, "Uliwahi kunisikia kwenye waya?"

"Kusikia nini?" Kisha akakumbuka, akacheka kwa moyo wote. "Mtoto wa mwalimu, bado tu unalo hilo? Nilisema vile msije mkaning'inia mkaniangushia dishi."

"Na yule mama?"

Kicheko kikamwisha. "Yule hata nisingemjua kuwa ni mgeni. Mimi Kiha na Kirundi masikioni mwangu ni kitu kimoja. Angekuwa anaimba kutwa mlangoni kwangu nisingemjua." Akanipigapiga begani. "Ni vile tu nilimkuta analia."

Basi la Mwanza hupitia Kibondo. Tulifika mchana, likasimama stendi, na wanawake wakalizunguka na karanga za kuchemsha na ndizi, wengine wa mjini, wengine wa kambini. Baba akasema, "Tazama, huenda ukamwona jirani yako." Mkono mmoja mrefu ukaingia dirishani kwangu na pakiti ya karanga. "Chukua, mwana wanje," sauti ikasema.

Hakuwa yeye. Nilijua si yeye, yule alikuwa mzee zaidi. Hata hivyo niliteleza chini, nikajikunja kati ya viti pamoja na sanduku na televisheni ya mama, nikabaki huko nimeziba masikio mpaka basi lilipoondoka.