Barabara ya Kasugho Bila Mtu

Jana mwendesha baiskeli mmoja alifunga breki mbele yangu kwa kukanyagia kandambili kwenye tairi. Harufu ya mpira ulioungua ikanirudisha utotoni, nyuma ya baba, juu ya karia ya baiskeli yake, kwenye barabara ya changarawe ya Kasugho.

Hatukuwa tumeona gari tangu alfajiri. Nilifurahi, kwa kuwa miteremko yote ilikuwa yetu. Tulipovuka mto na kuingia msituni, baba akasimama.

"Mama, umeona mutu anatoka kule mbele?" akaniuliza; ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye.

"Hapana, papa."

"Hata moja?"

Kila asubuhi wanawake walipita pale na vikapu vya mihogo. Barabara isipoleta watu, watu wa kwetu hujua huenda kuna waasi mbele, na hurudi walikotoka. Lakini ng'ambo ya msitu mama yangu alikuwa amelazwa, na dawa yake ilikuwa mfukoni mwa baba.

"Shuka. Utaningojea kwa daraja."

"Kama kuko mubaya, juu ya nini wewe unapita?"

Sikushuka. Baba akaendesha huku akipiga kengele bila kukoma, maana msituni anayekuja kimya hudhaniwa adui.

Kwenye kona ya tatu tulimkuta mwanamke mwenye jembe begani.

"Papa, unapigia nani kengele?" akauliza akicheka. "Batu bote bako ku salongo, kazi ya kijiji, banazibua mitaro. Wewe tu njo umekimbia kazi."

Baba naye akacheka, lakini aliendelea kupiga kengele hadi tulipofika kwa mama.